Mama Hukwama Mlangoni, Watu Wasema Kaiba Bangili

Unguja Mjini, Mei 1971

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba radhi kwa kuandika kwa penseli, kwani barua hii nimeifuta na kuiandika upya mara nne na kwa wino ningemaliza daftari zima, na naomba pia usilitoe jina langu, na majina ya watu nitakaowataja nimeyabadilisha yote, kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na gazeti lako linawafikia hata wasiojua kusoma, husomewa barazani.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma darasa la kumi, nakaa Kiponda na mama yangu, ambaye humu nitamwita Bi Kazija, katika nyumba ya mjomba wangu Msabah. Sisi tuko ghorofa ya pili, mjomba na mkewe Bi Mwatum wako chini yetu. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, ndugu zangu wakubwa wote wako bara, na mama alinizaa akiwa mtu mzima, sasa ana miaka hamsini na sita. Nakueleza haya ili ujue kwamba humu ndani mimi na mama tuko wawili tu.

Sijui nianzie wapi. Naona nianzie Ramadhani iliyopita, kwa sababu ndipo nilipoanza kuviona vidole vya mkono wa kulia wa mama, kila akikaa bila ya kazi kidole gumba kinasuguana na cha shahada, polepole, bila kusimama, kama mtu anayevuta tasbihi ambayo haipo. Jirani zetu waliokuja kufuturu waliona wakafurahi. Bi Duni, wa nyumba ya mbele yetu, alisema, "Mtazameni Bi Kazija, hata tasbihi hana haja nayo, vidole vyenyewe vinamtaja Mungu!" na mama akaufunika mkono kwa kanga, nami nikadhani ni unyenyekevu, nikaona fahari kuwa mtoto wake.

Ramadhani ikaisha, ikaja Idi, na mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ikawa harusi ya Tabia, binti wa Bi Sichana, rafiki wa mama tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani pamoja. Mama ndiye aliyekabidhiwa chumba cha bibi harusi, na ufunguo wa kasha ulikuwa shingoni mwake. Siku ya pili ya harusi bangili mbili za dhahabu za Tabia hazikuonekana. Wanawake walioingia chumbani mle hawapungui ishirini, waliokuja kutazama, waliokuja kupaka hina, waliokuja kuazima wanja, na mama mwenyewe alisema kweli kwamba alipokwenda kusali adhuhuri aliliacha kasha wazi. Walitafuta mpaka ndani ya magodoro. Zikakosekana. Basi wenye nyumba wakaamua isomwe halbadiri, yaani watu wakusanyike, wasome majina ya waliopigana Badri, na wamuombe Mungu amdhihirishe aliyechukua, na sisi watoto wa hapa tumekua tukiambiwa kwamba aliyechukua humtokea kitu mwilini mwake watu wote wakakiona. Mama hakuogopa hata kidogo. Nilikuwepo aliposema, "Isomeni, Sichana, na ubani nitaleta mie. Nnataka ajulikane leo kabla ya kesho." Na ubani aliupeleka, mimi ndiye niliyeubeba.

Ulipita kama mwezi mmoja. Bi Sichana alikuwa na hitima ya marehemu mama yake, nikafuatana na mama. Ukumbini tulipita vizuri. Tulipofika mlango wa chumba, mlango mwembamba, chini pamejaa viatu vya watu, mama akasimama. Nilidhani anavua viatu, kumbe alikwishavua. Visigino vilikuwa vinapanda na kushuka haraka haraka pale pale, vidole vya miguu vimeshika sakafu kama vimetiwa gundi, mwili unataka kwenda mbele na miguu haiji. Wanawake waliokaa ndani na juzuu zao wakaacha kusoma mmoja mmoja.

Bi Sichana akasema, "Karibu Kazija, ingia. Mbona umesimama kama mgeni?"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nnakuja."

Hakuja. Nikamsikia mtu ananong'ona, "Si ndicho chumba kile kile?" na Bi Duni akajibu, wala hakunong'ona, "Ndicho. Mlango unamjua."

Mimi sikujua la kufanya, nilitaka tu yale macho yatuondokee, nikamshika mama mkono nikamvuta, nikamvuta kwa nguvu, na miguu yake haikufuata, akaanguka kwa magoti juu ya viatu vya watu, mbele ya mlango, kama mtu anayeomba kusamehewa, na mmoja ndani akasema "Allahu akbar." Tangu siku ile mtaa mzima unasema halbadiri imempata aliyechukua. Na Bi Duni yule yule, vidole vile vile, sasa anasema vinahesabu bangili.

Mshauri, ingekuwa mama anakwama mlango ule mmoja tu, mimi mwenyewe ningeamini. Lakini anakwama mlango wa jikoni kwetu. Anakwama kwenye uchochoro tunaotokea kwenda Darajani, pale kuta zinapokaribiana. Anakwama akitaka kugeuka. Mara nyingine ni kinyume chake, anaanza kwenda kwa hatua ndogo ndogo, ameinama mbele, kila hatua fupi na ya haraka kuliko iliyopita, kama anasukumwa mgongoni, na hawezi kusimama mpaka ashike ukuta. Mkono wa kulia hauchezi anapotembea. Uso wake umekuwa mzito, ukimsimulia la kuchekesha hacheki, kisha baada ya muda anasema "limenichekesha hilo" na uso uko vile vile, na watu wanasema mtazameni, hana hata uso wa majuto. Lakini ngazi! Ngazi zetu ni za mawe, zimesimama wima, mimi mwenyewe hushika kamba, na mama anazipanda mpaka ghorofa ya pili bila kukwama hata mara moja. Mkazamjomba Bi Mwatum anasema, "Wifi yangu ngazi anapanda kama mbuzi, akifika mlangoni amekuwa gogo. Maradhi gani hayo yanayochagua?" Nimetafuta katika vitabu vyote vya afya vilivyomo katika maktaba ya skuli yetu, nimesoma habari za malaria, safura, kichocho na baridi yabisi, sikuona maradhi yanayoweza ngazi na kushindwa na mlango.

Na kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonichanganya zaidi. Masika haya dari yetu ilivuja, madaftari yangu yakarowa, nikayapanga njiani, kutoka chumbani mpaka jikoni, moja moja na nafasi baina yake ili yapate upepo. Mama akatoka chumbani, akayaona, akasema, "Astaghfirullah, nani kaweka maandishi njiani?" Kwetu maandishi hayakanyagwi, hata kipande cha gazeti tukikikuta chini hukiokota. Akainua kanga yake, akaweka mguu baina ya daftari la kwanza na la pili, kisha wa pili, kisha wa tatu, hatua ndefu nzuri kama za zamani, akafika jikoni na mlango akaupita, na hakujua kwamba ameupita. Nilifurahi nikataka kupiga kelele. Nikashuka mbio kumwambia mkazamjomba, nikidhani nampelekea habari njema. Akanitazama, akasema, "Kumbe anaweza. Basi akitaka anaweza." Jioni yake nikasikia maneno yamekwishafika nyumba ya mbele, na yamegeuka, kwamba miguu ya Bi Kazija inaogopa kukanyaga haki, maandishi ni haki na chumba cha amana ni haki. Sikuelewa, na bado sielewi. Kama ni mgonjwa, madaftari yalimponya vipi? Kama anajifanya, mbona hukwama hata akiwa peke yake na haoni kwamba namchungulia?

Sasa niungame. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni ya mchele. Foleni ikasogea na mama hakusogea. Pakawa na nafasi mbele yake, na nyuma watu wanapiga kelele, "We mama, kama umelala wapishe wenye njaa!" na mwengine, "Huyo hakulala, huyo kafungwa!" wakacheka. Pale pale nikawaona wasichana watatu wa darasani kwangu wanakuja. Mshauri, niliuachia mkono wa mama. Nilikwenda duka la vitambaa nikasimama nikiwapa mgongo, nikashika kitambaa cha maua nikawa nakitazama, mpaka wakapita. Niliporudi mama alikuwa amesukumwa pembeni, amesimama nje ya foleni, kapu liko chini, na hakuniuliza nilikwenda wapi. Na siku nyengine alipokuwa anaoga nililifungua sanduku lake nikazitafuta bangili. Sikuziona, na tangu hapo siwezi kumtazama usoni.

Sasa limekuja hili ninalokuandikia. Mjomba Msabah, naye si mtu mbaya, amekwenda kuzungumza na wenye bangili. Wamekubaliana kwamba Ijumaa ya mwanzo ya mwezi ujao, baada ya sala, mama aende nyumba ya Bi Sichana, akiri mbele ya wale wale waliosoma, aombe radhi, kisha isomwe dua ya kumfungua. Na kwa kuwa sauti yake haitoki, maneno yaandikwe, mjomba ayasome. Mama hawezi kuyaandika. Yeye huandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri, lakini siku hizi anaanza vizuri na mwisho wa mstari herufi zimekuwa kama sisimizi, hata kaka Miraji wa Tanga alijibu akauliza kwa nini mama anamwandikia kwa kunong'ona. Kwa hiyo ameniambia niandike mimi.

Nilimuuliza, "Mama, kwani ulizichukua?"

Akasema, "Sikuzichukua."

"Basi utakirije?"

"Nshachoka kusimama, mwanangu. Nimewaapia mara ngapi, kuna aliyesikia? Nitasema nilichukua, miguu ifunguke. Wakiniita mwizi nitakuwa mwizi anayetembea."

"Na isipofunguka?"

Alinisogezea karatasi polepole, maneno nayo kama yamekwama. Kisha akasema, "Andika tu. Una mwandiko mzuri."

Karatasi iko mezani siku ya sita leo. Nikiandika, nitakuwa nimemwandika mama yangu mwizi kwa mkono wangu, na kama halikuwa kosa lake atabaki mwizi na mgonjwa pia. Nisipoandika, na kama kweli ni halbadiri, basi mimi ndiye niliyemzuia kufunguliwa, na kila akikwama nitajua ni mimi. Mjomba hupita kila jioni akauliza, "Tayari?" nami nasema bado natafuta maneno. Walimu siwezi kuwaambia, naona haya. Naamini dua, na namuamini mama, na mambo mawili haya siwezi kuyaweka pamoja. Niandike au nisiandike?

Mimi niliyechanganyikiwa,
Kiponda.


JIBU

Mwanangu wa Kiponda,

Usiandike.

Nimeliweka hilo mbele kwa sababu Ijumaa yenu haisubiri gazeti, na jibu hili nimekupelekea pia kwa posta. Sasa kaa tuzungumze.

Wewe ni msichana wa vitabu, umenijazia kurasa sita za penseli, na hukusoma ulichoandika mwenyewe. Rudi ukurasa wa kwanza. Vidole vya mama yako vilianza lini? Ramadhani. Harusi ilikuwa lini? Mfunguo pili. Halbadiri ikasomwa baada ya hapo. Basi nieleze, wewe na Bi Duni na mtaa wote wa Kiponda: adhabu ilimfikaje mtu kabla ya kosa, na kabla ya hiyo dua yenyewe kusomwa? Unasema unaamini dua na unamuamini mama yako na huwezi kuviweka pamoja. Mbona vinakaa? Mimi pia naamini dua. Aliyeombwa pale ni Mwenye kujua, hakosei mtu wala hakosei tarehe. Waliokosea ni waliomtazama mgonjwa mlangoni wakajifanya wao ndio wanaojua. Tena hao hao walikuwa wameviona vidole wakati wa kufuturu, wakavisifu! Waulize.

Haya, maradhi yanayochagua. Nilimwendea daktari ninayemjua, sikutaja jina wala mtaa, nikamsomea ulivyoeleza: vidole, mkono usiocheza, uso mzito, sauti, herufi zinazosinyaa, hatua fupi za haraka, kukwama milangoni, ngazi. Aliniacha nimalize, akasema kwa barua hawezi kumpima mtu, lakini kama yote hayo ni kweli basi anafikiri ni maradhi yanayoitwa Parkinson, ni ya ubongo, hayaambukizi, si wazimu na si uvivu. Sisi tunatembea bila kufikiri, amri inatoka yenyewe. Kwa mgonjwa huyu amri hiyo inachelewa au inakatika, na hasa inakatika mahali pembamba, penye mlango, penye kugeuka, penye watu wanaomtazama na kumhimiza. Miguu ina nguvu zake. Kwenye ngazi jicho linakiona kila kipandio, basi akili inauamrisha kila mguu kwa makusudi, na mguu unatii. Madaftari yako yalifanya kazi hiyo hiyo. Alikuwa na mahali pa kuweka mguu na sababu ya kuuinua. Hukumponya, na yeye hakujifanya. Nilipomhadithia habari ya madaftari daktari alicheka kwa furaha, akasema wapo wanaosoma miaka mingi na hawajaliona hilo kwa macho yao. Uliliona wewe, kisha ukaenda kulimwaga kwa mkazamjomba wako kabla hujalifikiri. Siku nyingine ukiwa na habari njema ya mama yako, mpe mama yako kwanza.

Sasa nikukaripie, kwani umeniandikia ili ukaripiwe, nami sitakunyima. Ulimwacha mama yako kwenye foleni. Ni vibaya, na unajua ni vibaya, na mimi sitakuambia eti ni utoto. Ulilipekua sanduku lake. Hilo nalo ni vibaya. Nenda ukamwambie yote mawili, kwa mdomo wako, siku moja, usimpe kwa vipande. Usingoje akusamehe usoni, uso wake hauwezi kukuonyesha. Msikilize anachosema. Na usimvute tena mkono maisha yako yote. Kile ulichokifanya mlangoni kwa Bi Sichana ndicho kilichomwangusha.

Akikwama, simama naye. Mwambie asimame kabisa kwanza, asishindane na miguu, avute pumzi, auhamishe uzito kwenye mguu mmoja, kisha ainue ule mwingine juu kama anaruka kitu. Weka mguu wako mbele ya wake auruke. Au hesabuni pamoja, moja, mbili, hata kwa uradi kama anapenda, mradi iwe kwa mwendo mmoja. Milango ya ndani pigeni mistari ya chokaa sakafuni, upana wa hatua moja moja, kuvuka mlango. Viatu na mikeka inayoteleza ondoeni njiani. Akigeuka, azunguke kwa upana, asijipinde. Asibebe vitu mikono miwili. Foleni ya mchele aende mtu mwengine, humo ndani wapo watu wazima wenye miguu.

Na ngazi zile za mawe, hata akizipanda vizuri, awe na mtu nyuma yake akipanda na mbele yake akishuka.

Mjomba Msabah umesema si mtu mbaya, nami nakubali, kwani mtu mbaya angewafukuza nyumbani mwake. Anatafuta njia ya kumsaidia dada yake, ameshika isiyokuwa yenyewe. Una haya ya kusema, basi usiseme. Mpe jibu hili la posta alisome mwenyewe, umsubiri amalize, kisha umuulize swali moja tu: Ramadhani au mfunguo pili? Yeye alifuturu na nyinyi, macho anayo. Akiendelea kushikilia, mwambie mshauri amesema kwamba mtu akijishuhudia uongo ameutenda uongo, na aliyemsomea uongo huo mbele ya watu ameshiriki, na mwenye bangili mkononi atakaa pale pale akiitikia amina.

Kwa Bi Sichana nendeni kabla ya Ijumaa. Asiende mama yako, aende mjomba pamoja na wewe. Msipeleke barua yoyote. Msimuombe radhi kwa bangili, ila kama mama yako ataka kuombewa radhi kwa kuliacha kasha wazi, hilo ni lake na ni kweli, lisemwe hivyo hivyo. Mwambieni rafiki yake anaumwa. Bi Sichana alisema "Karibu Kazija, ingia" wakati wengine wananong'ona. Mimi nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Huenda hajawahi kuambiwa jambo jingine la kuamini.

Limebaki moja, na hili ni gumu. Wewe unadhani unachagua baina ya kumfungua mama yako na kumwacha amefungwa. Daktari ameniambia wazi, nami nakuambia wazi kwa kuwa umri wako unatosha: maradhi haya zipo dawa za kuyapunguza, na huko nje wanajaribu mpya, lakini ya kuyaondoa haipo. Atapata nafuu, kisha utakuja mwaka atakwenda polepole zaidi kuliko leo. Akikiri Ijumaa ile, Jumamosi miguu itakuwa vile vile. Na tangu hapo kila atakapokwama, kwenye mlango wowote wa mji huu, atakwama akiwa mwizi kwa kauli yake na kwa mwandiko wako, na hapatakuwa na dua ya kumtoa humo. Miguu yake huwezi kumlindia. Jina lake unaweza.

Karatasi iliyopo mezani itumie. Andika juu yake vidole vilianza lini, kukwama kulianza lini, anakwama wapi na hakwami wapi, herufi, sauti, foleni, kila kitu kwa tarehe kama ulivyoniandikia mimi, kwani daktari atauliza na mama yako sauti yake haitafika upande wa pili wa meza. Jumatatu asubuhi mpeleke hospitali. Tokeni mapema ili asiharakishwe, pumzikeni barazani kila atakapotaka, shikaneni mkono, na njiani ukikutana na wa darasani kwako, hata wawe kumi, wakikuuliza unakwenda wapi, wajibu wasikie wote: nampeleka mama yangu kwa daktari.

Mshauri wako.